Jembe, Ulezi na Mizani: Historia ya Uzito wa Mwili katika Ufipa

Watu wengi wanapotajiwa utamaduni wa taifa hufikiria ngoma, vinyago, methali na mavazi. Ni kweli kwamba hayo yote ni utamaduni. Lakini namna watu wanavyolima, wanavyokula na wanavyotembea, na namna wanavyoutazama mwili wa binadamu na kuuhukumu kuwa ni mzuri au mbaya, hayo nayo ni utamaduni, tena wenye mizizi mirefu. Katika insha hii tunakusudia kueleza historia ya jambo moja la namna hiyo, yaani uzito wa mwili, kwa kuitazama nchi ya Ufipa katika Mkoa wa Rukwa. Tutajiuliza ni kitu gani kilichouweka mwili wa mkulima katika kadiri yake kabla ya kuja kwa mizani na vidonge, ni kitu gani kilichobadilika, na vijana wa leo wanapaswa kujifunza nini kutokana na historia hiyo.

Nchi na kazi zake

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika lililo magharibi na Ziwa Rukwa lililo mashariki yako chini yake kwa mita 1,000 hivi. Mtu aliyetoka ziwani na mzigo wa samaki kichwani ili abadilishane na nafaka ya uwandani alipaswa kuupanda mlima huo kwa miguu yake mwenyewe. Hapo tayari tunaona jambo la kwanza: jiografia yenyewe iliwadai watu jasho.

Sehemu kubwa ya uwanda huo ni nchi ya nyasi, na miti ni haba. Katika nchi za misitu wakulima waliweza kukata matawi, kuyachoma na kupanda katika majivu. Wafipa hawakuwa na miti ya kutosha kwa kilimo cha namna hiyo, nao wakabuni njia yao, ambayo huitwa intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima huzipindua nyasi pamoja na udongo na kuzikusanya katika vilima vidogo vya mviringo. Nyasi hizo huoza ndani na kuwa mbolea. Juu ya vilima hivyo hupandwa maharage na mazao mengine, na msimu wa mvua unaofuata vilima husambazwa na shamba kupandwa ulezi. Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza wa elimu ya jamii aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba kilimo hicho ndicho kilichowawezesha watu kukaa pamoja katika vijiji vikubwa bila ya kuhamahama.

Pamoja na kilimo kulikuwa na ufuaji wa chuma. Wafipa walijenga tanuri refu la udongo, liitwalo ilungu, lenye urefu wa mita tatu hivi, nalo lilivuta hewa lenyewe bila ya mivukuto. Kuchimba mawe ya chuma, kuchoma makaa, kubeba udongo na kulijenga tanuri ilikuwa ni kazi ya watu wengi na ya siku nyingi. Kutokana na chuma hicho zilitengenezwa jembe na shoka. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoenea, lakini mabaki ya matanuri yangali yakionekana. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu wenyeji kwa amani yao na kwa bidii yao ya kulima.

Tusiwasahau wanawake. Nafaka ilisagwa kwa mkono juu ya jiwe, maji yalitekwa bondeni, na kuni zilitafutwa mbali kwa kuwa miti ilikuwa michache. Mwanamke aliyekula ugali wa ulezi jioni alikuwa amekwisha kuulipia kwa nguvu zake tangu alfajiri.

Chakula chenyewe kilikuwa ni cha kadiri: ugali wa ulezi, maharage, mboga za majani, maboga, karanga, na samaki au nyama kwa nadra. Ulezi una chokaa ya mifupa nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida, na husagwa pamoja na ganda lake. Pombe ya ulezi nayo ilikuwa ni sehemu ya kazi ya ushirika na ya sherehe. Baada ya mavuno watu walinawiri, na katika miezi ya mvua, ghala zilipopungua, walikonda. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu kujiuliza namna ya kupunguza uzito. Jembe na majira vilifanya kazi hiyo bila ya kuombwa.

Hata hivyo si haki kuisifu hali hiyo kupita kiasi. Wembamba wa miezi ya mvua haukuwa ni afya bali njaa, na kazi iliyoinamisha migongo ya akina mama haikuwa ni mchezo. Tunaisoma historia ili tuielewe, wala si kwa ajili ya kuitamani.

Unene kuwa ni neema

Katika nchi ambayo njaa huja kila mwaka, mwili mnene huonekana kuwa ni neema. Fikra hiyo haikuwa ya Ufipa peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri wa Kiingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, akakuta kwamba wanawake wa jamaa ya mfalme hulishwa maziwa mpaka wanashindwa kusimama sawasawa. Aliandika kwamba alimwona binti akinyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Unene huo ulikuwa ni alama ya ng'ombe wengi na ya watumishi wa kufanya kazi.

Yafaa tutambue kwamba kitabu cha Speke kilitolewa mwaka 1863, na mwaka huo huo London kilitolewa kijitabu cha William Banting, mtengeneza mazishi aliyekuwa mnene mno. Kwa shauri la daktari wake aliacha mkate, sukari, bia na viazi, akapungua kiasi cha kilo 21 katika mwaka mmoja hivi. Kijitabu chake kikasomwa kila mahali. Basi katika mwaka ule mmoja Waingereza walisoma habari za watu wanaotafuta unene na za mtu anayeukimbia. Tofauti haikuwa ya akili wala ya ustaarabu. Karagwe unene ulikuwa ni wa wachache waliopumzishwa kazi. London ya viwanda ilikuwa imeanza kuwa na watu wengi wanaokula sana na kuketi sana.

Hapa kwetu fikra ya unene kuwa neema ingali hai. Mtu akirudi kijijini kutoka mjini huambiwa, "Umependeza, umenenepa!" naye hufurahi. Kitambi kimehesabiwa kuwa ni dalili ya cheo. Kisha ukaja msiba wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Maradhi hayo yaliwakondesha watu mno, na kukonda kukawa ni jambo la kunong'onezwa. Watu wengi waliogopa kupungua, hata kwa njia njema, wasije wakadhaniwa vibaya. Mwalimu anayefundisha habari za uzito hana budi kuikumbuka historia hiyo, kwani wanafunzi wake wanaichukua nyumbani bila ya kujua ilikotoka.

Mahindi, mashine na barabara

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974. Katika miaka hiyo serikali ilihimiza kilimo cha mahindi kwa mbolea na mbegu bora, na bei moja kwa nchi nzima ikamwezesha mkulima wa mbali kuuza sawa na wa karibu. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikawa miongoni mwa mikoa minne mashuhuri iliyolilisha taifa. Ni sifa kubwa, nasi hatuipunguzi.

Lakini mahindi yalipopanda heshima, ulezi ulishuka, ukabakia zaidi kuwa nafaka ya pombe na uji. Mashine ya kusaga iliwapumzisha akina mama kazi ya jiwe, jambo la kushukuru. Mashine ya kukoboa nayo ilileta sembe, unga mweupe ulioondolewa ganda na kiini, ambao watu waliuona kuwa ni wa kistaarabu kuliko dona. Kisha vikaja sukari, mafuta ya kupikia, soda na maandazi. Katika mwongo wa 2010 barabara ya lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga, na pikipiki za bodaboda zikaenea. Safari iliyokuwa ya saa mbili kwa miguu ikawa ni ya dakika chache. Mtu wa mjini anayeketi ofisini au dukani sasa hula chakula cha mkulima bila ya kuifanya kazi ya mkulima. Huo ndio mzizi wa jambo zima.

Mizani na fumbo la ghala

Mizani iliingia katika maisha ya wananchi kwa mlango wa kliniki ya watoto. Katika miaka ya 1970 taifa lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai, mwaka 1975, ambazo wananchi walizifuata kwa redio katika vikundi vya kujisomea. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mama akazoea kumning'iniza mtoto katika mizani na kuitazama kadi: mstari ukipanda, mtoto anakua, ukilala, kuna hatari.

Mizani hiyo ilifunua fumbo zito. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika Rukwa, mkoa wa ghala zilizojaa, watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mikoa yote. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa wangali karibu nusu. Utafiti ule wa 2015–16 ulionyesha vilevile kwamba nchini kote wanawake 28 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi, wakati mwaka 2004–05 walikuwa 18.

Yawezekanaje utapiamlo na unene kukaa katika nchi moja, hata katika nyumba moja? Jibu ni kwamba ghala likijaa aina moja ya chakula si lazima mwili ushibe. Mtoto anayepewa uji mwepesi wa mahindi matupu mara mbili kwa siku, wakati mama yake yuko shambani tangu asubuhi, hujaa tumbo lakini hakui. Maharage na samaki ambavyo vingemjenga huenda vimeuzwa. Mtu mzima anayekula unga ule ule kwa wingi, pamoja na sukari na mafuta, hunenepa lakini naye hajengeki. Hao wawili wanasumbuliwa na upungufu wa namna moja, yaani chakula kisicho na mchanganyiko.

Kwa mtu mzima kuna kipimo kilichobuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 akiwa na kilo 64 hupata 25, ambao ndio mpaka wa uzito uliozidi. Akifika kilo 77 amevuka 30, naye huhesabiwa kuwa mnene wa kupindukia. Hesabu hiyo yafaa kufanywa darasani, mradi isigeuzwe kuwa silaha ya kumcheka mtu.

Habari za dawa

Wazee hueleza kwamba jina Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi", yaani mgeni aache dawa zake mbaya kabla ya kuingia. Maneno hayo yana funzo katika jambo hili, kwani tamaa ya kupata mwili mpya kwa kumeza kitu imewadhuru watu wengi ulimwenguni. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walitumia dainitrofenoli, kemikali iliyotumika katika viwanda vya baruti. Iliwakondesha kweli, lakini iliwaunguza kwa joto la ndani na kuwaua baadhi yao, ikapigwa marufuku mwaka 1938. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, na sibutramini mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Hiyo ya mwisho imekutwa mara nyingi ikiwa imefichwa katika vidonge na majani ya chai yanayouzwa kwa jina la "dawa za asili".

Hatusemi kwamba dawa zote ni udanganyifu. Semagilutaidi, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2021, ilipunguza uzito wa watu kwa wastani wa asilimia 15 katika majaribio ya wiki 68. Lakini walioiacha walirudisha thuluthi mbili ya uzito huo katika mwaka mmoja. Ni dawa ya mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa daktari, na bei yake ni kubwa. Kijana anayenunua chupa isiyo na maandishi ya kueleweka sokoni hajui anameza nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Ufipa ya kale uzito wa mwili ulitawaliwa na kazi, na majira, na chakula chenye mchanganyiko; tena tumeona kwamba utawala huo ulikuwa na ukali wake. Hatuwezi kurudi katika jiwe la kusagia, wala hatutaki. Tunaloweza ni kuchagua. Ulezi urudi katika uji wa watoto na katika sahani ya watu wazima. Dona isionewe aibu. Sehemu ya maharage na samaki ibaki nyumbani kabla ya gunia kwenda mnadani. Mwendo ulio karibu uende kwa miguu. Na wanaume washike baadhi ya kazi za nyumbani, ili mama apate nafasi ya kumlisha mtoto mara nyingi zaidi kwa siku.

Walimu wanaweza kuanza kwa bustani ya shule na kwa kuwatuma wanafunzi wawaulize bibi na babu zao walikula nini katika miezi ya mvua. Majibu hayo ni sehemu ya historia ya taifa, nayo hupotea kila mzee anapofariki. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Uzito hupanda kwa mazoea madogo madogo ya kila siku, na hauna budi kushushwa kwa mazoea ya namna hiyo hiyo.