Tetrafloridi ya salfa

Tetrafloridi ya salfa (SF₄) ni gesi isiyo na rangi, yenye sumu kali na harufu inayokereketa, ambayo hugeuka kimiminika ikipozwa hadi nyuzi −38 za Selsiasi na kuganda kwenye nyuzi −121.

Umbo

Kati ya elektroni 6 za tabaka la nje la atomu ya salfa, 4 hufunga bondi na florini, na 2 zilizosalia hubaki kama jozi isiyofungwa, ambayo huzisukuma bondi upande mmoja na kuipa molekuli umbo la pembea ya ubao: florini mbili ziko kwenye ncha za ubao, mbili nyingine ndizo miguu yake. Bondi za ncha (pikomita 164) ni ndefu kuliko za miguu (pikomita 154). Upande ulioachwa wazi ndio chanzo cha ukali wa gesi hii, kwani heksafloridi ya salfa (SF₆), ambayo salfa yake imezingirwa na florini pande zote, haidhuriki hata kwa maji.

Utayarishaji

Dikloridi ya salfa huchanganywa na floridi ya sodiamu ndani ya asetonitrili yenye joto:

3SCl₂ + 4NaF → SF₄ + S₂Cl₂ + 4NaCl

Mimenyuko

Salfa ya SF₄ hupokonya oksijeni na kuacha florini mahali pake. Ikikutana na maji, hata unyevu wa hewani, hutoa dioksidi ya salfa na floridi ya haidrojeni:

SF₄ + 2H₂O → SO₂ + 4HF

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyoipa heshima katika kemia ya kaboni, hasa baada ya wanakemia wa kampuni ya DuPont, Marekani, kuchapisha matokeo yao mwaka 1960: kundi la kaboksili (–COOH), lile linaloipa siki uchachu wake, hugeuzwa –CF₃, na kabonili (C=O) ya ketoni hugeuzwa CF₂. Kwa kuwa gesi ni shida kuidhibiti, maabara nyingi hupendelea DAST, kimiminika kinachotokana nayo, ingawa hicho nacho huweza kulipuka kikipashwa joto kupita kiasi.

Madhara

Kikomo kinachopendekezwa kazini ni sehemu 0.1 katika milioni ya hewa. Floridi ya haidrojeni inayozaliwa kwenye unyevu wa mapafu huunguza tishu na kunasa kalsiamu ya mwili. Mafundi wanaofungua swichi kubwa za umeme zenye SF₆ nao hujikinga, maana cheche za umeme huivunja gesi hiyo tulivu na kuzalisha SF₄.