Vigari vya filamu na televisheni: kwa nini kichezeo cha zamani kinatafutwa kama mali

Ukikuta kwenye mtumba, au ndani ya sanduku la zamani la familia, kigari kizito cha chuma kinachoenea kiganjani, usiharakishe kumpa mtoto akakiburute mchangani. Huenda ni kichezeo cha kawaida tu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini huenda pia ni kimoja cha vigari vilivyotengenezwa kufuata magari ya filamu na tamthilia za televisheni, na huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaovitafuta kwa miaka mingi na kulipa fedha nzuri wakivipata. Katika makala hii tunaeleza vigari hivyo ni vipi, vilitoka wapi, na ni kitu gani kinachokipa kimoja thamani huku kingine kikibaki takataka.

Tumesema chuma kwa mazoea, lakini hasa si chuma. Ni mchanganyiko wa zinki na alumini kidogo, pamoja na shaba na magnesi kwa kiasi kidogo zaidi. Chuma huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali mchanganyiko huu huyeyuka kabla haujafika hata nyuzi 400. Kiwandani huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu, ukapoa kwa muda mfupi sana, kalibu ikafunguliwa na bodi ya gari ikatoka ikiwa na milango, taa na hata mistari midogo ya boneti. Kazi hii huitwa kusubu. Kalibu moja hutoa maelfu kwa maelfu ya magari yanayofanana. Kutengeneza kalibu ni ghali, na ndiyo maana kiwanda hakikuchagua gari la kuiga bila kufikiri.

Hapo ndipo sinema na televisheni zilipoingia. Gari ambalo mamilioni ya watoto wamekwisha liona kwenye kioo halihitaji kutangazwa upya. Kiwanda hulipia haki ya kutumia jina na umbo lake, kisha hutegemea kwamba mtoto mwenyewe atamsumbua mzazi hadi anunue.

Gari lililofungua njia

Mfano mkubwa kuliko yote ni Aston Martin DB5 ya James Bond. Filamu ya Goldfinger ilitoka mwaka 1964, na ndani yake jasusi huyo aliendesha gari lenye bunduki zilizofichwa mbele, ngao ya kuzuia risasi nyuma, na kiti kinachomrusha abiria nje kupitia paa. Mwaka uliofuata, 1965, kampuni ya Mettoy ya Uingereza, iliyokuwa ikiuza vigari vyake kwa jina la Corgi Toys kutoka kiwanda cha Swansea, Wales, ilitoa gari hilo likiwa na urefu usiofika sentimita 10. Lilipewa namba 261.

Kilichowashangaza watu hakikuwa umbo. Umbo lenyewe lilitokana na kigari cha Aston Martin DB4 ambacho kampuni ilikuwa nacho tayari, kikarekebishwa. Maajabu yalikuwa ndani. Ukibonyeza kitufe kimoja, bunduki zinachomoza mbele. Ukisukuma bomba za ekzosi, ngao inapanda nyuma. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni, paa linafunguka na adui mdogo wa plastiki anarushwa hewani. Yote hayo yalifanywa kwa springi na vipande vidogo vya bati, bila betri. Ndani ya boksi kulikuwa na bahasha ya maelekezo ya siri, beji ya kuvaa, na adui wa akiba, maana waliojua watoto walijua wa kwanza atapotea siku hiyo hiyo.

Jambo moja huwashangaza wanaoliona mara ya kwanza: gari la kwenye filamu lilikuwa la rangi ya fedha, lakini kigari kilipakwa rangi ya dhahabu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba rangi ya fedha ingekifanya kionekane kama bodi iliyotoka kwenye kalibu bila kupakwa chochote. Mwaka 1968 kampuni ilitoa toleo jingine, namba 270, hilo likiwa la rangi ya fedha na lenye vibao vya namba vinavyozunguka. Mpaka hapo kigari hiki kilikuwa kimekwisha uzwa kwa mamilioni, na mwaka 1965 wauzaji wa vichezeo wa Uingereza walikuwa wamekitangaza kichezeo bora cha mwaka.

Mwaka 1966 Corgi ikafuata na Batmobile, gari jeusi la Batman kutoka tamthilia ya televisheni ya mwaka huo huo, lenye uwezo wa kurusha makombora madogo ya plastiki. Washindani wao Dinky Toys wa Liverpool nao wakachukua Thunderbirds, mchezo wa vikaragosi wa televisheni, wakatoa Rolls-Royce ya rangi ya waridi inayofyatua roketi kutoka kwenye grili.

Seti iliyobeba neno la Kiswahili

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna seti moja inayostahili kusimamiwa kidogo. Mwaka 1966 televisheni ya CBS ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia iliyoitwa Daktari. Ndiyo, neno hilo hilo letu, nao hawakulitafsiri. Ilimhusu daktari wa wanyama, Marsh Tracy, na binti yake Paula, waliokuwa wakitibu wanyamapori katika kituo cha kubuni kilichoitwa Wameru. Msikilizaji wa Arusha hahitaji kuambiwa jina hilo limetoka wapi. Lakini mbuga zilizoonekana kwenye kioo kwa sehemu kubwa hazikuwa za huku. Tamthilia ilipigwa picha California, kwenye eneo la kufugia wanyama wa filamu.

Corgi ilitoa seti ya Daktari mwaka 1967. Ndani yake mna Land Rover ya kijani yenye milia myeusi kama ya pundamilia, daktari mwenyewe, Paula, sokwe aitwaye Judy, simba Clarence ambaye kwenye tamthilia alikuwa na makengeza, na chui milia wa kulazwa juu ya boneti. Chui milia haishi porini popote Afrika. Mtoto wa Serengeti angeliona kosa hilo mara moja, ila seti haikutengenezwa kwa ajili yake. Leo wakusanyaji huhesabu sanamu hizo kabla hata ya kuliangalia gari, kwa sababu Land Rover bila Clarence ni Land Rover yenye milia tu.

Corgi hiyo hiyo ilikuwa na kigari kingine cha huku kwetu, ingawa si cha filamu: Volkswagen ya mbio za East African Safari, iliyouzwa pamoja na kifaru. Tairi la akiba lililo juu ya paa likizungushwa, magurudumu ya mbele yanakata kona.

Thamani iko wapi?

Watu wengi hudhani kwamba umri ndio bei. Sivyo. Kigari kilichouzwa kwa mamilioni bado kipo kwa wingi hata baada ya miaka 60. Kinachokosekana ni kigari kisichochubuka rangi, chenye springi zinazofanya kazi, chenye adui wake wa plastiki, bahasha yake ya siri na boksi lake la karatasi. Boksi lilitupwa siku ya kwanza karibu katika kila nyumba, na kwa sababu hiyo boksi zima linaweza kuwa na thamani kama gari lililokuwa ndani yake, wakati mwingine kulizidi.

Kwa hiyo kosa kubwa analoweza kufanya mtu aliyebahatika kupata kigari cha aina hii ni kukipaka rangi upya ili king'ae. Rangi ya asili iliyochubuka huheshimiwa kuliko rangi mpya inayometa, kwa kuwa rangi mpya huficha historia na mnunuzi hawezi tena kujua alichonacho. Usikisugue kwa mchanga wala steelwool, na usikiloweke kwenye sabuni, maana karatasi zilizobandikwa zitatoka. Kitambaa kikavu na laini kinatosha.

Palipo na fedha, feki hazikosekani. Maboksi ya kunakili yanachapishwa siku hizi, na makombora, sanamu na tairi mpya zinauzwa kwa ajili ya kuvifufua vigari vya zamani. Kutumia kipuri kipya si kosa. Kosa ni kukiuza kama cha asili. Mkusanyaji mzoefu huangalia weupe wa karatasi, ukali wa herufi na hata harufu ya boksi.

Lipo tatizo jingine ambalo halina dawa. Zinki ikichanganyika na risasi kidogo tu wakati wa kuyeyushwa, metali huanza kuoza yenyewe kutoka ndani. Kigari kinavimba, kinapasuka nyufa ndogo, kisha kinamomonyoka kama biskuti. Vigari vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vimeathirika sana kwa njia hii, na joto la unyevunyevu huharakisha uozo. Nyufa zikishaanza, hakuna gundi wala rangi itakayozizuia.

Viwanda vyenyewe havikudumu. Mwaka 1968 Mattel ya Marekani ilileta Hot Wheels, vigari vyenye magurudumu mepesi yaliyokimbia kuliko vyote, na Waingereza wakaanza kuhema. Kiwanda cha Dinky huko Liverpool kilifungwa mwaka 1979, Lesney waliotengeneza Matchbox wakafilisika mwaka 1982, na Mettoy mwaka 1983. Majina yao yalinunuliwa na wengine. Corgi, kwa mfano, ni mali ya kampuni ya Hornby tangu 2008, na Aston Martin ya Bond bado inatengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaoiweka kabatini.

Ukidhani unacho kimoja

Kwanza kigeuze. Chini ya tumbo la kigari, mtengenezaji huandika jina lake, aina ya gari na nchi. Kisha sogeza sumaku kwenye bodi. Zinki haishikwi na sumaku, bati hushikwa. Ekseli zitashikwa kwa kuwa hizo ni za chuma, hilo lisikuchanganye. Plastiki utaijua kwa wepesi wake.

Usimwachie mtoto mdogo akitie mdomoni. Rangi za vichezeo vya miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto hayarudi nyuma. Makombora na sanamu ndogo nazo humkaba mtoto.

Ukitaka kujua bei, piga picha pande zote, pamoja na chini, na ulinganishe na bei ambazo vigari kama hicho vimeuzwa kweli kwenye minada, wala si bei ambazo wauzaji wanaziomba. Tofauti yake ni kubwa. Akitokea mtu kwenye simu anayesema atakinunua kwa mamilioni, ila kwanza utume ada ya usafirishaji au ya ushuru, usitume hata senti. Mnunuzi wa kweli hulipa yeye. Wakati unasubiri, kifunge kwenye karatasi kavu na ukiweke mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoa unyevu.