Piano Zilizolipa Kodi ya Nyumba Harlem

Katika miaka ya 1920, mwisho wa mwezi ulikuwa wakati wa hofu katika mtaa wa Harlem, mjini New York. Wamarekani Weusi, wengi wao wahamiaji kutoka majimbo ya kusini, walitozwa kodi kubwa kuliko Wazungu, ilhali ujira wao ulikuwa mdogo. Aliyeshindwa kulipa alitolewa nje pamoja na vyombo vyake.

Wapangaji wakabuni njia ya kujiokoa. Jumamosi usiku walisogeza viti, wakagawa kadi za mwaliko zilizopigwa chapa, na kutoza kiingilio cha takriban senti 25. Mwenyeji aliuza samaki wa kukaanga, na kwa siri pombe, iliyopigwa marufuku kuanzia 1920 hadi 1933. Wapiga piano mashuhuri, akiwemo James P. Johnson na Fats Waller, walishindana hadi alfajiri.

Wakati huo ukumbi wa Cotton Club, uliokuwa papo hapo Harlem, uliwaajiri wanamuziki Weusi lakini haukuwapokea Weusi kama wateja. Sebuleni hapakuwa na ubaguzi huo. Mshairi Langston Hughes, aliyehudhuria mara kwa mara, alizihifadhi kadi hizo: ushahidi kwamba muziki uliwaburudisha majirani, na papo hapo ukaziwezesha familia kubaki nyumbani mwao.