Star TV: Televisheni ya Kanda ya Ziwa

Star TV ni kituo cha televisheni cha jijini Mwanza, kilichoanzishwa na Anthony Diallo, mwanzilishi pia wa Radio Free Africa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilibaki na redio tu hadi 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi. Vituo vya mwanzo, ITV kikiwemo, vilijengwa Dar es Salaam. Hapo ndipo uzito wa Star TV ulipo: matangazo ya kutazamwa nchi nzima sasa yalitoka kando ya Ziwa Victoria, jirani na wakulima wa pamba wa Bariadi, Maswa na Meatu. Vipindi vyake “Tuongee Asubuhi” na “Medani za Siasa” vilijenga jina kwa mijadala ya masuala ya umma. Mwishoni mwa Februari 2013, mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza. Tangu hapo antena peke yake haikutosha, kikahitajika king'amuzi.