Ikitangazwa Marekani, Bei Hushuka Luthuli

Tarehe 21 Mei 2013 Microsoft waliitangaza Xbox One huko Redmond, Marekani, na ndani ya siku chache wachezaji gemu duniani wakagawanyika. Kuna walioangalia picha safi, kamera inayosikia sauti yako, na mashine moja ya gemu na televisheni. Na kuna waliosoma masharti. Mashine ingetaka kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazichezeki. CD ya kuazimwa, ama ya kununuliwa kwa mtu, ingekuwa na kanuni zake. Halafu ikatoka orodha ya nchi ambako ingefanya kazi siku ya kwanza: nchi 21. Ya Afrika hakukuwa na hata moja.

Wakati huo mimi nilikuwa shule ya msingi, na gemu zangu nilichezea Kambi Muru, upande wa Kibera, kwenye kibanda cha mabati chenye PS2 mbili na televisheni za kisogo kirefu. Sony walikuwa wameacha kuitengeneza PS2 Januari ya mwaka huohuo. Yaani dunia ilikuwa inabishana kuhusu mashine ya kesho, na sisi tulikuwa tumepanga foleni kwa mashine ambayo tayari imezikwa. Hakuna aliyelia. PES ilikuwa ndani, stima ilikuwepo, basi.

Historia ya gemu husimuliwa kama safari ya mashine: hii ilikuwa na nguvu, hii ikaizidi, hii ikauza zaidi. Ukiisimulia kutoka huku kwetu, mashine zenyewe si jambo kubwa sana. Kubwa ni kile kinachopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kwanza kaseti, halafu CD. Na kila mara mashine mpya ikitangazwa na watu wakagombana, swali la mtaa ni moja: je, kitaendelea kupita?

Tuanze na kaseti. Nintendo walitoa Famicom yao Japani mwaka 1983. Huku haikufika. Zilizofika baadaye sana ni nakala zake kutoka Asia, plastiki nyepesi, waya fupi, na kaseti ya manjano iliyoandikwa 9999 kwa moja. Uongo mtupu. Ukihesabu vizuri ulipata gemu chache zinazojirudia kwa majina tofauti: Mario, Contra, ile ya vifaru, ile ya kupiga bata. Lakini kaseti ilikuwa inatoka. Unaipuliza, unaipeleka kwa jirani, jirani anakuletea yake. Watoto wa ploti moja wangeweza kuwa na mashine moja na kaseti tano za nyumba tano.

PlayStation ya kwanza, Desemba 1994, ilileta CD, na CD ikaleta kazi. CD inanakiliwa. Mashine yenyewe ilikataa nakala, kwa hivyo fundi aliifungua, akachomelea kichipu kidogo ndani, na kuanzia hapo ikawa haibagui. Hiyo ndiyo tuliita kuchipu. Najua kuna watu wataniambia huo ni wizi, na kisheria wako sawa. Ila bila kile kichipu, sina hakika kama kungekuwa na historia ya gemu Kibera ya mtu kuandika. PS2 ilipotoka mwaka 2000 njia ilikuwa tayari imechimbwa. Iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na hesabu hiyo inahesabu mnunuzi wa kwanza tu. Mashine moja ya Kambi Muru ilikuwa imeshapitia wenyewe wanne, na kwa siku ilishikwa na watoto arobaini.

Kibanda kina sheria zake. Anayeshindwa ndiye analipa. Zamani ilikuwa bob tano, ikawa kumi, ninapocheza mimi sasa ni ishirini. Msee mkali anaweza kucheza kutoka asubuhi hadi jioni bila kutoa shilingi, na mwenye kibanda hamfukuzi, kwa sababu kila mtu anakuja kujaribu kumtoa. Gharama ni kodi, stima, na pedi, maana vijana wakifungwa bao dakika ya 90 hasira huishia kwenye pedi. Stima ikiwa ni ya sambaza, inapanda na kushuka vile inataka, na siku moja inaondoka na pawa saplai.

Mashine zilifikaje? Hapa ndipo siku ya kutangazwa inaingia. Mtu Uingereza anaona mashine mpya, anaitamani, anauza ya zamani. Inakuja kwa kontena, inaitwa ex-UK, inawekwa kwenye kabati la kioo Luthuli Avenue. Ama mtu wa Nairobi hapahapa mwenye uwezo anafanya vivyo hivyo. Mwenye kibanda wetu, tunamwita Mzee ingawa hajafika miaka 40, alifuatilia matangazo ya Sony kuliko sisi wote, na hakuwahi kununua mashine mpya maishani mwake. Alitaka kujua tu lini iliyopo itashuka bei. Mei 2006, Sony walipotaja bei ya PS3, dola 599, kama shilingi 43,000 za wakati huo, watu wengi walikasirika sana. Mtaani bei hiyo haikumhusu mtu. Ilimaanisha PS2 zinakuja kwa wingi.

Binamu yangu anakaa Kawangware, karibu na 46. Ukiwa hapo Lavington iko ng'ambo ya barabara tu, nyumba za ukuta mrefu na maua, na nusu ya Kawangware huvuka kila asubuhi kwenda kufanya kazi huko. Mama yake ni mmoja wao. Mtoto wa mwajiri wake aliponunuliwa PS4, ile PS3 ikavuka barabara ikiwa ndani ya begi la mitumba, pamoja na CD sita. Hizo CD sita zilitembea kuliko sisi. Zilikuja Kibera, zikabadilishwa na nyingine, FIFA ikaenda kwa mwezi mmoja ikarudi na mkwaruzo, moja ikawekwa rehani kwa mtu anayeuza chapo na haikukombolewa.

Sasa rudi Juni 2013. Tarehe 10, Los Angeles, Sony walipanda jukwaani baada ya Microsoft na kusema PS4 itakubali CD ya mtu mwingine, haitadai intaneti kila siku, na bei ni dola 399. Xbox ilikuwa 499. Wakatoa pia video ya sekunde 22 ya kuonyesha hatua za kuazimana gemu. Hatua ilikuwa moja. Bosi mmoja anampa mwenzake CD, mwenzake anasema asante, kwisha. Ilikuwa ya kuwakejeli Microsoft, hawakuwa wanatufikiria sisi. Lakini sijaona tangazo lingine lolote la kampuni ya gemu linalofanana na kibanda cha Kambi Muru namna ile. Upande wa Microsoft, mkubwa wao wa Xbox alikuwa ameambia waandishi kwamba asiye na intaneti wana kitu chake tayari, kinaitwa Xbox 360. Tarehe 19 Juni wakarudi nyuma na kufuta masharti yote mawili.

Watu husema wachezaji walishinda mwaka ule. Mimi naona ushindi wenyewe ulikuwa wa muda. Kilichokataliwa kwa kelele kilirudi polepole, kama ofa.

Tarehe 11 Juni 2020 Sony walionyesha PS5. Kwetu ilikuwa saa tano usiku, kafyu imeanza saa tatu, vibanda vimefungwa kwa sababu ya korona, kila mtu amejifungia na simu yake na bando linaloisha. Asubuhi ubishi wote ulikuwa juu ya umbo. Inafanana na ruta! Wachache waliona jambo la maana zaidi: mashine zilikuwa mbili, moja ina mahali pa kuingiza CD na nyingine haina. Bei zilipotoka Septemba, isiyo na mahali pa CD ilikuwa nafuu kwa dola 100. Katika kikundi chetu cha kuchati tuligawanyika vizuri kabisa. Vijana wadogo walisema CD ni mambo ya wazee, inakwaruzika, inaibiwa. Nikiwa mkweli, hoja hiyo si mbaya. CD za kwetu zimeibiwa sana. Wakubwa wakauliza: ukimaliza gemu utamuuzia nani?

Jibu lilikuja Kawangware. Yule mtoto wa Lavington alipohamia PS5, PS4 yake ikavuka barabara kama dada yake alivyovuka. Binamu akaiunganisha kwenye televisheni na kukuta hakuna kitu. Mtoto alikuwa ananunua gemu zake zote mtandaoni. Alikuwa na zaidi ya thelathini, zote ziko kwenye akaunti yake, na akaunti alienda nayo, kama ilivyo haki yake. Mashine ilikuja, urithi haukuja. Na kununua mpya si kuingia tu dukani: duka la mtandaoni la PlayStation halijafunguliwa rasmi kwa Kenya, kwa hivyo watu wa huku hufungua akaunti wakijifanya wako Marekani ama Uingereza, halafu wananunua kadi za vocha za dola kwa mtu wa kati. Binamu alicheza gemu moja ya bure kwa miezi, halafu tukampelekea CD tatu.

Ndiyo sababu PS5 Pro iliwagusa watu vile Septemba 2024. Tarehe 10, saa kumi na mbili jioni yetu, Mark Cerny alizungumza dakika tisa hivi: picha kali zaidi, mwanga bora, kila kitu laini. Bei, dola 699.99. Mahali pa CD hakuna. Ukitaka, unakinunua kando kwa dola 79.99, na hata hicho kinahitaji intaneti siku ya kwanza ili mashine ikikubali. Dunia ikagawanyika tena, wa picha huku, wa bei kule. Mzee alichukua karatasi ya sukari akapiga hesabu. Kama shilingi 90,000, kwa bob 20, ni mechi 4,500. Kila mechi dakika 12, ni saa 900. Ukifungua saa 12 kila siku bila stima kupotea, ni siku 75, na hujalipa kodi, hujanunua televisheni, na hakuna mtoto wa Kambi Muru atakayekuambia tofauti ya mwanga.

Kuna kitu kingine kuhusu Kambi Muru ambacho mtu wa nje huenda asikione hapa. Hili eneo lilianza na Wanubi, askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan, ambao Mwingereza aliwaruhusu wakae Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita. Waliruhusiwa. Hawakupewa hati. Walijenga, wakazaa, wakazika wazee wao, na hati ya jamii ya ekari 288 ilitoka Juni 2017. Wiki mbili baada ya PS5 Pro kutangazwa, jimbo la California lilipitisha sheria ya kulazimisha maduka ya kidijitali yamwambie mteja wazi kwamba ananunua leseni, si mali. Nilimsomea Mzee habari hiyo kwenye simu. Yeye ni Mnubi. Akacheka kidogo, akasema, "Hiyo tunaijua," akaendelea kufunga pedi kwa seloteipu.

Siwezi kudai wote wa mtaa wako upande wa CD. Watoto wa sasa wengi hawaji kibandani kabisa. Wako na Tecno ya kioo kilichopasuka, eFootball na Free Fire, bando la saa moja, wameketi kwenye ngazi. Kwao ubishi wa CD ni kama ubishi wa kaseti kwangu. Hawana cha kuazimana, na hawaoni kama wamepungukiwa. Wananilaza kwenye hoja hiyo mara nyingi, maana simu yao haimwombi mtu ruhusa ya televisheni, wala hawalipi wakishindwa.

Kibanda nacho kinabanwa na kitu kimoja: wachezaji kuhama timu. FIFA 19 ilikuwa ya mwisho kwa PS3. Baada ya hapo kila dirisha la usajili lilifanya CD ya Mzee iwe kuukuu zaidi, na vijana hawalipi kucheza na mtu ambaye hayuko Arsenal tena. Kwa hivyo alihamia PS4, ex-UK, mbili. Sasa anakusanya CD za PS4 kama mtu anayesikia sukari itapanda. Anazitafuta Toi, anazitafuta Luthuli, anachukua hata za gemu ambazo hakuna mtu anazicheza. Kila kasha ameliandika kwa kalamu ya wino mzito, nani ameazima na lini. Juzi niliangalia rafu. Moja ilikuwa imeenda Kawangware, ya kurudi Jumamosi.