Gofu ya Visahani katika Viwanja vya Vyuo vya Marekani

Gofu ya visahani ni mchezo ambao mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali palipowekwa alama hadi kiingie katika kikapu chenye minyororo, na mshindi ni yule anayemaliza vituo vyote, vinavyoitwa mashimo kama katika gofu ya kawaida, kwa mirusho michache kuliko wenzake. Katika vyuo vya Marekani mchezo huu ulianza bila kiwanja chake wenyewe, ukakua kwa kutumia vilivyokuwapo, na desturi hiyo haukuiacha hata ulipopata vifaa rasmi.

Visahani vilienea baada ya mwaka 1957, kampuni ya Wham-O ya California ilipoanza kuuza kile kilichobuniwa na Walter Frederick Morrison. Kufikia mwaka 1964 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, walikuwa wakishindana kwa kulenga miti, na katika muongo huohuo wachezaji wa Augusta, jimboni Georgia, walilenga mapipa ya taka bustanini. Shabaha za aina hiyo hazikugharimu kitu, lakini mti haukidaki kisahani, kwa hiyo wachezaji waliweza kubishana kama kweli kimeugusa au kimepita kando. Ed Headrick, aliyewahi kuwa mwajiriwa wa Wham-O, alisimamia ujenzi wa kiwanja cha kwanza cha kudumu katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, mwaka 1975. Shabaha zake za awali zilikuwa nguzo tupu, na ubishi haukwisha mpaka alipobuni kikapu ambacho minyororo yake hupunguza kasi ya kisahani na kukiangusha ndani, akapewa hataza yake mwaka 1977. Mwaka 1983 Dave Dunipace alileta kisahani chenye ukingo uliochongwa mshazari, ambacho kwa kupasua hewa kirahisi kilifika mbali zaidi, na viwanja vya zamani vikaanza kuonekana vifupi.

Tatizo hilo lilipata jibu la pekee katika Chuo Kikuu cha Winthrop, mjini Rock Hill, South Carolina, ambako mashindano ya ubingwa wa Marekani yalianza mwaka 1999 na Ken Climo akawa bingwa wa kwanza. Sehemu kubwa ya eneo lile, lililo kando ya ziwa, ni uwanda wa nyasi usio na msitu wa kuzuia mirusho. Waandaaji wakatandaza kamba za manjano kuonyesha mipaka, na kisahani kikitua nje yake mchezaji huongezewa pigo moja la adhabu. Katika shimo la 17 eneo la kikapu lilizungushiwa marobota ya nyasi kavu, likawa kisiwa katikati ya nchi kavu, na mchezaji anayeongoza aliweza kupoteza ushindi hapo kwa mrusho mmoja mbaya. Kwa njia hiyo ugumu ambao kwingine ulitokana na miti na vilima ulipatikana kwa kamba zinazoweza kukunjwa, na chuo kikaweza kupokea mashindano makubwa bila kuwanyang'anya wanafunzi viwanja vyao.