Bamba Chakula

Bamba Chakula ulikuwa utaratibu wa msaada wa chakula kwa njia ya simu, ulioanzishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mwaka 2015 katika kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, kisha Dadaab, ukiwahudumia wakimbizi pamoja na waomba hifadhi, yaani watu waliokimbia nchi zao ambao maombi yao ya kutambuliwa kuwa wakimbizi bado hayajaamuliwa. Kila mwezi kaya iliyosajiliwa ilitumiwa salio kwenye laini maalumu ya simu, ambalo halikuweza kutolewa kama fedha taslimu wala kununulia pombe au tumbaku, bali lilitumika kwa wafanyabiashara walioidhinishwa tu, wakiwemo wakimbizi na wenyeji wa Turkana. Hivyo mpokeaji aliweza kuchagua nyama, maziwa au mboga badala ya kupanga foleni ya nafaka pekee, ingawa uhuru huo ulikuwa na mipaka: salio lilipokwisha kabla ya mwisho wa mwezi, familia nyingi zilikopa dukani, na baadhi zilimwachia mwenye duka laini yenyewe kama rehani.